Manukato ya Bwana Selemani na Nyuki wa Babu

Mwezi uliopita binti yangu aliniletea kichupa cha manukato, na nilipokifungua hapa nyumbani kwangu Mandewa nilicheka peke yangu mpaka akaja kutazama kuna nini. Alidhani sijayapenda. Kusema kweli si manukato ya kumfurahisha kila mtu. Hayana ua wala udi ndani yake. Yananukia mizizi mikavu, vumbi la kiangazi lililopata matone mawili ya mvua, na kwa mbali majani ya dawa yaliyosahauliwa darini. Ni vetiva. Nilijipaka shingoni, nikakaa, na mara nikawa na miaka tisa, niko Itigi, nimebeba ndoo na kosa langu.

Wazazi wangu walikuwa kazini Tabora, nami nililelewa na Babu pamoja na Shangazi Tatu, ng'ambo ya reli. Babu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magogo ilitundikwa ndani kabisa ya kichaka cha Itigi, mahali ambapo mtu mnene hapiti bila kuacha kipande cha shati. Wenzake walirina usiku, yeye alirina alfajiri, nyuki wakiwa bado wazito kwa baridi. Na alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: anayekwenda kwenye mizinga haogi kwa sabuni ya kunukia, hapaki mafuta, hajipulizii kitu. Nyuki hawamtaki mtu anayenukia.

Miaka ya foleni sheria hiyo ilikuwa rahisi sana kuitii. Sabuni yenyewe tuliiona kwa nadra, na nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Treni zikaanza kushusha marobota ya mitumba, sabuni za rangi tatu, poda, na mafuta ya nywele yaliyonukia peremende. Mji mzima ukaanza kunukia. Babu alilalamika kwamba siku hizi watu harufu zao zinafika kabla yao.

Pamoja na sabuni hizo alishuka Bwana Selemani. Alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa Singida mjini, akafungua kibanda karibu na stesheni. Aliuza manukato matamu ya kila namna, lakini yeye mwenyewe alijipaka haya haya ya vetiva, kutoka kwenye chupa ya kijani aliyoificha chini ya meza na asiyokubali kuiuza. Aliniambia yametengenezwa kwa mizizi ya yale majani ambayo bwana shamba alitupandisha shuleni kwenye makingamaji, yale matuta ya kuzuia mmomonyoko. Siku iliyofuata nilichimbua shina moja, nikatafuna mzizi wake, nikachapwa kwa kuharibu makingamaji ya shule. Hata hivyo niliona Bwana Selemani ndiye mtu msafi kuliko wote duniani.

Shangazi naye aliona hivyo. Alikuwa amefika miaka thelathini, na watu walishaanza kumsemea pembeni. Miaka ya nyuma aliwahi kuchumbiwa na kijana mmoja aliyekwenda kutafuta maisha migodini na hakurudi hata kwa barua. Babu hakulisahau jambo hilo. Kwa hiyo Bwana Selemani alipokuja kumposa, Babu hakukataa wala hakukubali. Alisema atatoa jibu baada ya kurina asali, na tena huyo bwana aje waende wote. Shangazi hakula siku mbili. Alijua kwamba Babu anaogopa mtu wa kukimbia, na kwamba hakuna kitu kinachomkimbiza mtu kama nyuki.

Mchana wa siku moja kabla ya safari Shangazi aliniita jikoni, akanishika mabega. "Nenda kwa Bwana Selemani. Mwambie leo asijipake kitu, na kesho asijipake kitu. Aoge maji matupu. Umesikia we mtoto? Usichezecheze njiani!"

Nilisikia. Nilifika kibandani, nikasalimia vizuri, na kabla sijafungua mdomo tena Bwana Selemani, kwa kunifurahisha, alichomoa ile chupa ya kijani na kunipaka tone kwenye kila kiganja. Alipogeuka kumhudumia mteja, nikajimwagia mengine kwenye kola ya gauni. Basi nilitoka mbio kwenda kuwanusisha wenzangu, na ujumbe wa Shangazi ukabaki pale pale kwenye kibanda, haujasemwa.

Niliukumbuka nikiwa kitandani. Ningesema, ningechapwa, na mbaya zaidi nisingepelekwa kichakani. Babu alikuwa ameniahidi kwamba safari hii, kwa mara ya kwanza, nitabeba ndoo. Nilisugua shingo kwa majivu, nikavaa sweta juu ya gauni lile lile, nikamwachia Mungu mengine.

Alfajiri Bwana Selemani alifika amenyoosha shati, amevaa koti, na amejipaka vetiva kwa moyo wote ili ampendeze mkwe. Tulimnusa kabla hajabisha hodi. Shangazi alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo sijaisahau. Mimi nikawatazama kuku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," alisema Babu. Akanyanyua pua kidogo, akanusa. Nikajua ndoa imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi. Kisha Babu akachukua kamba na mwenge wake wa moshi. "Twende."

Tulipofika chini ya mti wenye mzinga, Babu alilowesha kidole kwa ulimi, akakiinua juu, akasubiri. Akamshika Bwana Selemani mkono na kumzungusha mpaka upande wa pili, karibu na kichuguu. "Wewe kaa hapa. Usiondoke hapa hata ukiona nimedondoka." Mimi aliniacha nilipokuwa, na ndoo yangu, akapanda.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Moshi ulifuka, mzinga ukavuma, na harufu ya nta ikashuka mpaka chini. Halafu nyuki mmoja akaja kwenye kola yangu. Akaja wa pili. Kisha wakaja wote waliokuwa hawana kazi asubuhi ile. Nikatupa ndoo, nikapiga kelele ambazo nadhani zilisikika stesheni.

Bwana Selemani alikimbia. Ni kweli alikimbia, ila alikimbia kuja kwangu. Babu alikuwa anapaza sauti kutoka mtini, "Kaa hapo! Kaa hapo!" lakini tayari nilikuwa nimefunikwa koti gubigubi, nimebebwa kama gunia la mahindi, tunapasua miiba. Mimi waliniuma mara mbili shingoni. Yeye walimuuma jicho, mdomo, masikio yote mawili na sehemu ambazo kwa heshima hakuzitaja.

Babu alitukuta tumekaa njiani, ameokota ndoo yangu na kutia asali. Jicho moja la Bwana Selemani lilikuwa limeshafunga, na mdomo wake wa juu umefika puani. Hapo nikalia na kusema yote: ujumbe, chupa, kola, majivu. Bwana Selemani alicheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Babu aliinusa kola yangu, akalinusa na koti, akasema kwa Kinyaturu maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

"Nilikwambia usiondoke pale," alimwambia Bwana Selemani.

"Ndiyo mzee."

"Ukaondoka."

"Ndiyo mzee. Mtoto alikuwa analia."

Babu alifunga ndoo ya asali polepole sana. "Uso huo ukipona, walete wazee wako. Usiwalete kabla, watasema tumekupiga."

Shangazi alinifinya na kunikumbatia kwa wakati mmoja. Siku ya harusi alinukia vetiva mpaka ukumbini mwisho, na kwa miaka yote iliyofuata mimi nimeisimulia habari hii kwenye kila shughuli ya ukoo, nikijisifu kwamba bila usahaulifu wangu Shangazi asingeolewa. Babu alikuwa akinisikiliza, anachokoa meno. Alifariki bila kunisahihisha.

Jioni ile ile niliyoletewa kichupa, shingo bado inanukia, nilitoka uani kuchoma majani makavu. Jirani alikuwa ameanika nguo. Bila kufikiri nililowesha kidole, nikakiinua ili nijue upepo unatoka wapi, moshi usiende kwenye nguo zake. Nikabaki nimesimama hivyo hivyo na kiberiti mkononi.

Babu alikuwa amemnusa Bwana Selemani pale mlangoni. Angeweza kumrudisha. Angeweza kumwaibisha mbele ya Shangazi, au kumwacha chini ya mti nyuki wamwamulie. Badala yake alipima upepo, akampeleka kwenye kichuguu, mahali ambapo harufu yake ingepeperushwa mbali na mzinga. Mtu ambaye hutaki aoe binti yako humtafutii pa kusimama. Kumbe alikuwa ameshamkubali, na mimi nilikuwepo, niliona kila kitu, sikuelewa kitu. Machozi yakanitoka, na hayakuwa ya moshi, maana moto nilikuwa bado sijauwasha.

Nikampigia Shangazi simu, Manyoni wanakoishi sasa. Nikamweleza habari ya upepo na kichuguu. Kisha nikamsikia anamwita mumewe aje asikie, nami nikarudia yote tangu mwanzo.

"Basi nilikuwa nimeshapewa mke," alisema Bwana Selemani, "nikaondoka mwenyewe mahali pazuri, nikaenda kuumwa bure!"

Nilimwomba radhi, baada ya miaka yote hiyo. Shangazi alikuwa anacheka huko nyuma yake.

"Hapana, si bure," akasema Bwana Selemani. "Wewe si ulikuwa unalia?"