Kombe la Mdogo Wangu

Mdogo wangu ana kifafa tangu akiwa darasa la tatu, na tangu mama afariki dawa zake nampa mimi kwa mkono wangu. Tembe moja asubuhi, moja jioni. Nanyosha kiganja, anasema bismillahi, anameza bila kuangalia. Ni mtu mzima mwenye ndevu zake, anafundisha watoto Kurani kwenye madrasa moja katikati ya jiji, lakini kwa hilo la dawa hajawahi kunibishia hata siku moja.

Mwaka juzi Ramadhani ilipokaribia akasema atafunga. Nikamwambia mgonjwa ameruhusiwa kula, na yeye anayajua hayo kuliko mimi. Akajibu kwamba wanafunzi wake wa miaka minane wanafunga, yeye mwalimu wao atajificha wapi na chupa ya maji? Nikalegea. Tukapanga tembe ya jioni aimeze wakati wa kufuturu, ile ya asubuhi aimeze kwenye daku. Mpango ulikuwa mzuri, ila tarawehe zilimchosha, na kila nikienda kumwamsha ale daku namkuta amelala fofofo, namwonea huruma, namwacha. Huruma yangu hiyo! Asubuhi tano au sita nilimnyima dawa nikidhani namlea.

Alianguka mara tatu alasiri moja, sebuleni kwetu Kabiria. Siku mbili zilizofuata alikuwa mzima kabisa, anacheka, ananiuliza habari za duka la vitambaa ninakofanya kazi. Tukamshukuru Mungu. Ami, ndugu wa marehemu baba, akasema shari imepita.

Usiku wa pili hakulala. Asubuhi tukamkuta ameegemea ukuta wa bafu, anasikiliza bomba la maji, anasema mna watu ndani wanamsomea makosa yake. Nilipomnyoshea kiganja akarudi nyuma hadi akagonga mlango.

"Wewe si dada yangu," akasema. "Dada yangu mmempeleka wapi?"

Jirani wa mlango wa pili akachungulia. "Huyo ameingiliwa na kitu, si mnaona? Tafuteni mtu amuombee."

Ami akamleta mwalimu mmoja mzee, Mswahili wa pwani kama sisi. Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji na marashi. Hilo ndilo kombe, na nyumbani kwetu tumelinywa tangu utotoni. Mdogo wangu siku nzima hakuwa amepokea kitu mkononi mwetu, hata maji. Kombe akalinywa lote, macho ameyafumba, akarudisha sahani kwa adabu. Mzee akatuachia karatasi zilizoandikwa, tuziloweke asubuhi na jioni.

Nilisimama jikoni nikiwaza. Kinachoweza kumrudisha ni dawa, na dawa haitaki. Kombe analitaka. Sikumwambia mtu. Kesho yake asubuhi nililoweka karatasi moja, nikasaga tembe mbili kwa mgongo wa kijiko, nikazikorogea humo kwa aibu, kwa sababu maneno yale matukufu nilikuwa nimeyageuza chambo.

Akapiga funda moja. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

"Chungu," akasema. "Umetia nini?"

"Ni zafarani tu."

Akalimwaga sakafuni, taratibu, yeye ambaye hata kipande cha karatasi chenye aya akikiona chini hukiokota na kukibusu. Tangu hapo hakunywa kombe, hakunywa maji, hakula. Mlango mmoja tu ulikuwa umebaki wazi na mimi ndiye niliyeufunga. Kesho yake wanaume wanne walimbeba kumpeleka hospitali, anapiga kelele kwamba nimemtilia sumu, majirani wote wanasikia. Nililia njia nzima.

Akili zilimrudia baada ya wiki mbili hivi. Tulienda kliniki moja Kileleshwa, kwa daktari kijana mwenye subira.

"Hii si vitu mbili, dada," akaniambia. "Ni kitu moja. Kifafa ikimpiga mara nyingi hivyo, siku moja au mbili anakuwa sawa, mnafurahi, halafu kichwa inachafuka. Akikosa dawa inaweza rudi, na hiyo ingine inaweza kuwa mbaya kuliko hii."

Kisha akamwomba mdogo wangu aeleze anachokumbuka, ili wayatenge ya ugonjwa na ya kweli. Akayataja mwenyewe. Watu wa kwenye bomba, ule ulikuwa ugonjwa. Dada kubadilishwa, ugonjwa pia. Akacheka kwa haya, akaniomba radhi. Halafu akanigeukia.

"Na lile kombe? Uchungu wake nausikia mpaka leo. Nao ulikuwa ugonjwa, dada?"

Daktari naye akaniangalia. Nikisema kweli, hatapokea tena tembe mkononi mwangu, na bila tembe tutarudi kule kule. Ndivyo nilivyojiambia, na bado najiambia hivyo.

"Nao ulikuwa ugonjwa," nikasema.

Akashusha pumzi, akaniamini. Katika siku zote zile kuna jambo moja alilolijua sawasawa, na mimi, dada yake, nimemfundisha kuliita wazimu.

Jioni hiyo nikamnyoshea kiganja. Akasema bismillahi, akameza bila kuangalia, na mimi nikashindwa kumtazama.