Mahali pa Kumlaza Binti Yangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo. Shangazi yenu, binti yangu, hakuwa mchawi, wala masomo hayakumpotosha. Alikuwa mwanahistoria wa Wakristo wa kwanza, na hasa alichunguza jinsi walivyozika watu wao. Mimi niliishia darasa la tatu. Nitasema vile nilielewa.

Alirudi hapa Adungosi kutoka Nairobi alikokuwa akifundisha, saratani imemla tumbo. Hospitali ilisema mrudisheni nyumbani. Nilimnywesha uji kwa kijiko, ukarudi wote. Niliomba mpaka maneno yakaniishia, nikabaki kupiga ukuta ngumi.

Mchana mmoja wazee wa ukoo wakaja, shemeji yangu mbele. Nikadhani wamekuja kumwona mgonjwa. Wakanywa chai, kisha wakazunguka nyuma ya nyumba wakaangalia uzio upande wa choo. Hapo nikajua. Kwetu, binti akifia kwao bila kuolewa, maiti yake haipiti getini. Uzio unabomolewa, anapitishwa hapo, anazikwa pembeni, eti asiwafungie wasichana wengine njia ya kuolewa.

"Shemeji, huyu bado anapumua!" nikamwambia. "Na anawasikia."

"Mama, hatujasema ni leo. Tunapanga tu. Hizo digrii zake si hazikumletea bwana?"

"Na wewe bwana ulimletea yupi? Kazi yako hapa imekuwa kumaliza sukari."

Wengine wakacheka. Yeye akaendelea kupima kwa miguu.

Nikaingia ndani. Binti yangu alikuwa macho.

"Mama, wamepata mahali?"

"Nani amekwambia?"

"Mtaalamu wa makaburi hapa si ni mimi?" Akajaribu kucheka, maumivu yakamkata.

Aliwahi kunieleza habari za Wakristo wa Roma, walivyochimba chini ya ardhi wakalaza watu wao ukutani, mtumwa, mjane, mtoto wa kuokotwa, wote pamoja. Kwenye simu alinionyesha picha ya jina lililokwaruzwa kwenye plasta, herufi zimepinda kama zangu.

"Maisha yangu yote nimekaa na makaburi yao," akasema. "Kumbe langu ni kando ya choo."

Akageukia ukuta akalia. Machozi hayakutoka, mwili haukuwa na maji tena.

Nilisimama pale mikono mitupu. Dawa sina. Mungu kanyamaza. Ukoo uko nje na chai yangu tumboni. Kumponya siwezi, hata kumpunguzia siwezi. Lakini mume wangu, mwenye boma hili, amekufa, na aliyebaki ni mimi.

Nikatoka, nikawaita wanangu wa kiume mbele ya wazee wote.

"Uzio huu asiuguse mtu. Dada yenu siku yake ikifika atapita getini, mchana, watu wakiona. Mtamchimbia ubavuni mwa baba yenu, pale mlipokuwa mmeniwekea mimi. Mimi mtanitafutia pengine. Sasa mmoja aweke maji motoni nimwogeshe, na hawa wageni muwasindikize."