Alichosema Mtoto wa Kwanza

Wateja humwita Fundi, lakini jina lililomkaa ni lile alilopewa na baba yake akiwa mdogo: Bobini. Alikuwa mtoto wa kike wa kuzunguka, hatulii hata akipewa kazi, na baba yake, ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza vyerehani vilivyoharibika, alisema anafanana na kile kigurudumu cha uzi kinachokwenda mbio chini ya sindano bila mtu kukiona. Leo Bobini ana miaka arobaini na saba, na karakana ya baba yake iko mikononi mwake. Ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, benchi la wateja, na ukuta mzima wa makopo ya skrubu. Washonaji humletea mashine na kumwambia kwamba imegoma tu. Yeye huwajibu kwamba mashine haina ubishi wa binadamu, ikikataa ina sababu, kisha huinamisha sikio, akazungusha gurudumu kwa mkono, na mara nyingi hujua ugonjwa kabla hajafungua chochote.

Baba yake alifariki miaka sita iliyopita. Mama yake, aliyeachana na baba tangu Bobini akiwa mtoto, anaishi upande wa pili wa mji kwa mdogo wa kiume wa Bobini, ambaye ni dereva wa malori na aghalabu yuko safarini. Kila baada ya wiki mbili Bobini humpelekea mama sukari, sabuni na dawa za presha. Huuliza hali, hujibiwa, huaga. Mkoba hautoki begani. Kwa adabu yao wote wawili, jirani angedhani ni mgeni aliyekuja kutoa pole.

Sababu yake Bobini hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa na miaka tisa, siku ya kesi ya talaka ya wazazi wake, hakimu alimwita ofisini na kumuuliza anataka kuishi na nani. Anachokumbuka ni korido ya rangi ya njano, glasi ya maji juu ya meza, na neno moja alilolitoa: "Baba." Anakumbuka mlango haukuwa umefungwa vizuri. Nje, kwenye benchi, mama yake aliinua uso akamtazama, kisha akainama kumfunga mdogo wake kamba za kiatu. Jioni ile mama aliondoka na mdogo wake, Bobini akabaki na baba. Miaka thelathini na saba alikuwa ameishi na hilo jiwe moyoni: kwamba alimkataa mama yake, na mama alisikia.

Mwaka jana mama yake alitaka kubadilisha kitambulisho. Kadi yake ya hospitali ilikuwa na jina la kwao, kitambulisho kilikuwa na jina la mume, na kila akienda kutibiwa wanaanza upya kumuuliza yeye ni nani hasa. Ofisi ya vitambulisho ilimwambia alete nakala ya talaka yenye muhuri wa mahakama. Nakala yake mwenyewe iliharibika zamani, bomba lilipopasuka ndani ya nyumba aliyokuwa amepanga. Mdogo mtu alikuwa safarini, kwa hiyo kazi ikamwangukia Bobini.

Alianza kwa kukosea. Alikwenda kwenye jengo kubwa la mahakama katikati ya mji, akapanga foleni asubuhi nzima, akafika dirishani na kuambiwa kwamba jalada la talaka hukaa katika mahakama ilikofunguliwa kesi, si pale. Akaulizwa kesi ilifunguliwa wapi. Alijua rangi ya korido tu. Ilibidi ampigie simu shangazi yake, dada wa baba, ambaye alikumbuka kwamba ilikuwa ile mahakama ndogo ya karibu na soko la mitumba.

Kesho yake alifunga karakana akaenda. Korido imepakwa rangi nyeupe siku hizi. Masjala, yaani chumba cha majalada, iko mwisho kabisa, na aliyekuwa dirishani ni karani mmoja wa kike, kijana, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Bobini akaanza kumweleza habari ndefu ya kadi ya hospitali na bomba lililopasuka. Karani alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Pole, mama," akasema. "Ila humu ndani hatutafuti kwa huruma, tunatafuta kwa namba. Namba ya kesi unayo?"

Hakuwa nayo. Karani akamwambia asivunjike moyo. Bila namba, anahitaji vitu vitatu: majina kamili ya mume na mke kama yalivyoandikwa wakati ule, mwaka kesi ilipofunguliwa, na jina la aliyefungua, kwa sababu daftarini kila kesi imeandikwa kwa jina lake. Tena, kwa kuwa si kesi yake, mama yake amwandikie barua ya kumruhusu, yenye sahihi na kivuli cha kitambulisho. Jalada likipatikana, nakala ya hukumu ataiomba kwa fomu, alipe ada dirisha la pili, asubiri muhuri.

Mwaka aliupata kwa kuhesabu madarasa. Barua aliiandika mwenyewe akampelekea mama yake aweke sahihi. Mama alivaa miwani, akaisoma polepole, akauliza kama watampa jalada lote. Bobini akamjibu kwamba ametumwa hukumu, hayo mengine hayajui. Mama akaweka sahihi na kuikunja barua mara nne, ikawa ndogo kama dawa ya kumeza.

Safari ya tatu, karani alishusha daftari la mwaka ule, zito, jalada lake limeshikwa na gundi ya karatasi. Akauliza nani alifungua kesi. Bobini akasema baba yake, bila kufikiri. Maishani mwake mote alijua hivyo: baba alichoka, baba alikwenda mahakamani, mama akaondoka. Karani akapitisha kidole kuanzia Januari mpaka Desemba. Hakuna. Akarudia, akaangalia mwaka wa kabla na wa baada. Hakuna.

Bobini akatoka nje, akasimama karibu na bomba la maji, akampigia mama yake. Akamwambia jina la baba halimo.

"Tafuta jina langu," mama akasema. "Mimi ndiye niliyefungua."

Lilikuwepo, mwezi wa nne, mstari wa sita. Namba ya kesi karani aliiandika kwenye kikaratasi na kumwambia kwamba majalada ya zamani namna hiyo yako ghalani, nyuma ya jengo, yanahitaji siku nne kuchimbuliwa. Bobini alirudi kazini, lakini zile siku nne akili yake haikuwa hapo. Aliwahi kurudisha cherehani kwa mwenyewe bila kufunga mkanda.

Alipoitwa, jalada lilikuwa juu ya meza, jembamba kuliko alivyotarajia, limefungwa kwa utepe uliopauka. Karani akamweleza kwamba ofisi ya vitambulisho inataka hukumu na hati ya talaka tu, kurasa tatu jumla, lakini kwa barua aliyonayo anaruhusiwa kusoma jalada lote palepale mezani, mbele yake, bila kupiga picha. Kama kuna ukurasa mwingine anaoutaka, aujaze kwenye fomu.

Bobini angeweza kusema zile tatu zinatosha. Alivuta kiti akakaa.

Kurasa za mwanzo zilikuwa madai ya mama yake. Hakukuwa na kupigana humo, wala mwanamke wa nje. Mama alikuwa ameeleza kwamba yeye na mumewe hawasemezani, miaka miwili sasa, ndani ya nyumba moja. Bobini alisoma mstari huo na nyumba yote ikamrudia. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako sina njaa. Ni yeye aliyekuwa akizunguka kati ya sebule na jiko na maneno ya watu wawili waliokaa hatua kumi mbali. Alikuwa ameuona kama mchezo.

Kisha akafika penye maandishi ya mkono ya hakimu. Herufi zililala upande mmoja, lakini zilisomeka.

"Mtoto wa kwanza, wa kike, miaka tisa. Hajaapishwa kwa sababu ya umri. Anasema anataka wote. Nimemweleza haiwezekani. Anasema mdogo wake aende na mama kwa sababu hulia akilala bila mama. Yeye atabaki na baba ili baba asibaki peke yake. Anauliza kama mama ataruhusiwa kuja kumwona. Nimemjibu ataruhusiwa."

Akayarudia. Neno lile moja alilolibeba halikuwamo. Yalikuwamo maneno mengi ambayo hakuyakumbuka hata kidogo, ya mtoto aliyekuwa akijaribu kugawa watu wanne kama mtu anayegawa kitambaa kisichotosha.

Akafungua ukurasa wa nyuma yake, wenye tarehe ya wiki mbili kabla. Hakimu alikuwa ameandika kwamba mume na mke wameafikiana kuhusu watoto: wa kiume kwa mama, wa kike kwa baba. Sahihi mbili chini. Ya baba yake aliijua, kubwa, yenye mkia. Ya mama ilikuwa ndogo.

Karani aliona uso wake, akasogeza fomu taratibu na kumwonyesha pa kujaza. Nakala za kurasa tatu, matumizi: kitambulisho. Kisha Bobini akaongeza mbili zaidi, ule wa mtoto na ule wa sahihi. Kwenye sehemu ya sababu kalamu ikamgandia. Mwisho akaandika: kujua nilichosema. Karani alisoma, akagonga muhuri wa kupokea.

Jumamosi mchana alimkuta mama yake sebuleni akikunja nguo zilizoanuliwa. Alimkabidhi karatasi za kitambulisho, kisha, kwa kuwa macho ya mama hayafai tena kwa maandishi ya mkono, akamsomea ule ukurasa. Mama aliacha kukunja. Akamwomba arudie pale mtoto anapouliza kama mama ataruhusiwa kuja. Bobini akarudia.

"Nilidhani nilikukataa," akasema. "Nilidhani ulinisikia mlangoni."

"Sikusikia kitu. Nilikuwa naogopa kukutazama." Mama alishika shati la mwanawe wa kiume mapajani, hajui aliweke wapi. "Sisi tulikuwa tumeshakubaliana, mimi na baba yako, wiki mbili kabla, kwenye benchi pale nje. Ndiyo maneno yetu ya kwanza baada ya miaka miwili, na ndiyo tuliyoyasema. Wewe ulikuwa umemzoea yeye na mashine zake. Mimi nilikuwa sina hata pa kulala. Nilikutoa, mwanangu. Hakimu alisema lazima akusikie na wewe, nikanyamaza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Nilijua ndiyo maana ukija hukai."

Mtu angetarajia wakumbatiane. Bobini alisimama, akaaga, akaondoka. Akiwa njiani alichokisikia kifuani si nafuu, ni hasira, tena ya mtoto wa miaka tisa. Waliweka sahihi wao, halafu wakamwacha aingie peke yake kwenye ile ofisi, atoke na mzigo ambao haukuwa wake. Na baba yake aliyempenda, aliyekaa naye meza moja miaka yote, naye alinyamaza mpaka akaingia kaburini. Wiki tatu hakwenda kwa mama. Sabuni na dawa alizituma kwa mtu.

Hasira haikuisha kwa siku moja. Ilipungua kidogo kidogo, mara nyingine akiwa kazini, akimwona baba yake akilini kwenye lile benchi la korido, mtu asiyejua kusema, akijitahidi kusema. Mara nyingine akimfikiria mwanamke wa miaka thelathini na sita asiye na pa kulala, anayechagua mtoto yupi atamudu kumlisha. Hakuwaona tena kama wakubwa. Alikuwa amewazidi umri.

Kitambulisho kipya kilitoka mwezi uliofuata. Mama alikwenda kukichukua mwenyewe, na alipotoka hakurudi nyumbani. Alikuja moja kwa moja karakana, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu talaka. Bobini aliinua kichwa akamkuta mlangoni, kitambulisho mkononi, anamwonyesha picha na kulalamika kwamba wamemtoa mzee kuliko alivyo. Bobini akafuta mafuta mikononi, akakitazama, akasema picha haina kosa. Mama akacheka. Akaketi benchi la wateja.

Alikaa mpaka jioni, na siku hizi huja mara mbili kwa wiki. Huuliza habari za baba yao, alikula nini miaka ile, alikuwa akiongea na nani, na Bobini humjibu anayoyajua. Tatizo ni kwamba mama anaingilia kazi. Huwaambia wateja bei ya kwanza ni ghali, waombe kupunguziwa, na mbele yao humwambia Bobini ameanza kuzeeka kwa kuinama. Juzi Bobini alimjibu kwa ukali, mama naye akajibu, mteja akabaki ameduwaa na sindano zake mkononi. Wakabishana mpaka wakachoka. Kisha mama akauliza kama chai imebaki, na Bobini akammiminia.