Chupa za Mke Wangu

Mke wangu hakosei. Nililijua hilo kabla ya fungate kwisha, na nimeishi nalo miaka thelathini na moja. Chumvi ikizidi, ulimi wangu ndio wenye kasoro. Tulipopotea njia tukaikosa harusi ya dada yangu, barabara ndiyo iliyohamishwa. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kufumua na kushona upya. Yeye hupima udongo maabara, na mtaani wanamwita Mama Chupa.

Chupa zenyewe ni mia mbili na kumi na mbili. Nyingi zilikuwa za jamu, na jamu niliila mimi. Kila moja ina udongo uliokaushwa na kuchekechwa, na karatasi yenye mwandiko wake: mahali, kina, joto, mvua. Ukimuuliza ni za nini, umejitakia. Atakueleza kwamba majani yakioza ardhini huacha kaboni; kwamba penye joto vijidudu huila upesi na kuirudisha hewani, penye baridi huila kwa uvivu.

"Lakini udongo si mmoja, Fundi," huniambia, kijiko mkononi. "Kichanga hakishiki kitu. Mfinyanzi mwekundu, ule wenye chuma, huikumbatia kaboni hata kwenye jua kali, vijidudu vikabaki kumeza mate."

Nakiri udongo huo nauonea wivu.

Mwezi uliopita akaja mkuu mpya wa maabara, pamoja na mashine mpya iliyohitaji nafasi. "Mama, namba zote zimo kwenye madaftari yako," akamwambia. "Udongo wa nini tena? Ijumaa tuumwage."

Siku hiyo alirudi, chakula hakukigusa. Kumbe alikuwa ameipa mashine kijiko cha mfinyanzi wake ili aringe kidogo, nayo ikatoa kaboni pungufu kuliko ile ya madaftari yake. Akarudia mara tatu. Sasa alikuwa akiitazama pasi yangu.

"Fundi, ukipima shuka mbichi, ukaipiga pasi, ikapungua uzito, utasema kilichotoka ni uchafu?"

"Nitasema ni maji."

Akajishika kichwa. Miaka yote alipima udongo, akauchoma kwenye tanuri, akaupima tena, na kilichopungua akakihesabu kuwa ni mabaki ya majani. Lakini mfinyanzi huficha maji ndani ya chembe zake, nayo hayatoki mpaka moto mkali. Akayahesabu nayo. Akinyamaza, jina lake litabaki safi na chupa zitamwagwa. Akisema, chupa zitapona, lakini madaftari yake yataaibika.

Mimi niliyelisubiri kosa lake miaka yote hiyo ndiye niliyembembeleza anyamaze. Sikutaka kumwona akiaibika.

Ijumaa nilikwenda na magunia kumsaidia kubeba chupa tupu. Mfanyakazi alikwisha kuinamisha ya kwanza juu ya ndoo.

"Mkuu, asimwage," mke wangu akasema. "Madaftari yangu yana makosa." Akaeleza yote, bila kumsingizia mtu wala barabara. "Udongo ukiwepo, tutapima upya. Ukimwagwa, tutabaki na kosa langu tu."

Mkuu akaichukua ile chupa, akaisoma karatasi yake, akairudisha rafuni. Mashine ikahamia ofisini kwake, na sasa wageni anawapokea koridoni. Chupa sitini zimeshapimwa upya: mfinyanzi bado unakishinda kichanga kilichopigwa na jua lile lile, ingawa si kwa kiasi alichokuwa akinitambia.

Jioni ya Ijumaa ile, tukirudi nyumbani na magunia yangu matupu, sikuweza kujizuia. "Kumbe makosa unayajua, mama!"

Hakucheka. Tulitembea mpaka karibu na mlango, ndipo akanishika mkono.

"Ile kona ya kwenda harusini," akasema, "ni mimi niliyekwambia tukate kushoto."

Nilikuwa na majibu ya miaka thelathini na moja, yote tayari. Nikamfungulia mlango.