Kimya cha Kati ya Mistari

Jumapili. Mvua imeanza asubuhi, ikakatika saa nane, kisha ikarudi.

Iko siku moja inayonirudia leo, mwanangu Furaha, kwa kuwa Jumapili ijayo wewe ndiye utakayekaa kwenye kinanda cha kanisa letu hapa Kamembe. Magoti yangu yamechoka kukanyaga pedali zake. Sijui kama nitaandika vizuri. Shule niliiacha mapema.

Nilikuwa kijana. Mzee Anselme, mpiga kinanda wetu, alitaka kupumzika, na kiti chake tulikitaka wawili, mimi na Leonard. Padri alituambia kwamba Ujerumani ya zamani wapiga kinanda wa kanisa walipimwa hivyohivyo mbele ya wazee, na mahali pengine mshindi alitakiwa amwoe binti wa yule anayeondoka. Mzee Anselme alizaa wavulana tu, basi nikategemea vidole.

Nilipimwa kwenye misa ya maziko. Maman Zawadi, mchuuzi wa kutoka Bukavu, alikuwa anamzika mumewe, na wimbo aliuchagua yeye. Unajua watu wetu hawashiki vitabu: mstari ukiisha kinanda hunyamaza, wanavuta pumzi, wanaingia pamoja. Mimi nilisikia kwamba wale Wajerumani walipajaza hapo kati ya mistari kwa madoido. Nami nikajaza. Nusu ya kanisa wakaingia mapema, nusu wakachelewa. Maman Zawadi alijikaza ubeti wa kwanza, akaanza wa pili, akaketi. Hakuimba tena mpaka jeneza likatoka.

Nje, mama mmoja wa kwaya akaniuliza, "Kijana, ulikuwa unafukuza kuku?" Wenzake wakacheka. Niseme haki: Padri alinisifu, na Wajerumani siwalaumu, pengine watu wao walizoea.

Mzee Anselme hakucheka. "Vidole vyako viko bizuri," akasema. "Lakini ule mama alikuya kuaga bwana yake, na we ukamufungia mulango. Batu baingilie wapi?"

"Mzee, nilitaka tu wimbo upendeze."

"Hapana. Ulitaka kiti."

Kiti akapewa Leonard. Alipiga kikavu, kama mtu anayepasua kuni, lakini watu waliimba. Nilingoja mpaka alipohamia Rwimbogo kulima, ndipo nikapewa mimi. Mvi zilikuwa zimeshanitoka. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Yangu haikuvuma hata wiki.

Nilikwenda kwa Maman Zawadi kuomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akaniambia, "Ile wimbo sikuimaliza."

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii: mstari ukiisha, inua mikono. Hata ukijua zaidi, hata Padri akikusifu. Aliyefiwa aimbe kwanza. Wewe utasikika siku nyingine, au usisikike kabisa, na kazi itakuwa imefanyika. Mungu akupe sikio la kuwasubiri wenzako, akufikishe uzee ukiwa bado unaupenda wimbo.

Jioni tumekula bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, na maharagwe yaliyobaki jana.