Kiganja cha Nyongeza

Ripoti ya kurasa kumi na nne ilinigharimu kiganja kimoja cha maharage. Nimehesabu mara mbili, kurasa na viganja, na hesabu haibadiliki. Wenzangu wamepoteza zaidi katika kazi hii ya kutafiti mambo ya usalama: ndoa, usingizi, nywele. Nywele zangu zipo. Lakini nimekulia sokoni, nikipigwa najua, na hapo nilipigwa.

Kiganja kilikuwa cha dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya kama wadogo wote wa huku kwetu. Aliuza maharage katika soko la Jabe, kwenye meza inayotazamana na mafundi cherehani, na ndiye aliyenilea pale pale kati ya magunia. Alipimia kopo la maziwa ya unga lililobonyea ubavuni. Alilijaza mpaka likafanya kilima, akalimwaga kwenye mfuko wako, kisha akachota kiganja kimoja juu yake: nyongeza. Na hicho kiganja hakikuja peke yake. Mkono ukiwa bado juu ya mfuko, alikuambia jambo. Nani amehama, nani amerudi, barabara gani jana ililala mapema. Mtu alikwenda nyumbani na chakula na habari.

Nilipoanza kufundisha chuo kikuu na kuandikia sera ofisi moja ya utafiti kule mlimani Kiriri, nilishuka kila Jumamosi kununua makopo mawili. Ofisini walidhani napenda sana maharage. Sisi tulikuwa na ramani, kahawa ya bure na dirisha linaloonyesha ziwa lote. Dada alikuwa na kopo. Jumamosi moja, mkono juu ya mfuko wangu, aliniambia:

"We usiangalie bei. Angalia watu wananunua ngapi. Mutu wa gunia nzima leo anaomba kopo mbili. Huyo hajui kesho kutwa atalala wapi."

Nilikuwa nimesoma miaka mingi, katika nchi mbili, ili niweze kusema jambo hilo kwa njia ngumu zaidi. Wiki ile nikaliandika. Ofisi ilifurahi, nikapigiwa makofi ukumbini, nikala sambusa nne.

Kosa langu ni la watu wa fani yangu. Tunafundishwa kuficha jina la mtoa habari, na tunafundishwa pia kumweleza vizuri ili msomaji amwamini. Nilifanya yote mawili kwa bidii. Jina halimo, nilikagua mara mbili. Ila niliandika: mwanamke wa makamo, muuza maharage wa Jabe, meza yake inatazamana na mafundi cherehani, anapimia kopo lililobonyea. Kopo ndilo lililonifurahisha zaidi. Niliona linaipa ripoti uhai.

Basi bwana mmoja wa ofisi akashuka Jabe kujionea. Akauliza bei, dada akataja ile ya kuanzia, na yule bwana akalipa. Hakubishana hata neno. Soko zima likajua huyu si mnunuzi. Halafu akamuuliza watu wananunua ngapi siku hizi, kwa maneno yangu mwenyewe, moja baada ya jingine.

Hakuna aliyekamatwa wala kutishwa. Wenye meza za jirani walianza tu kunyamaza dada akikaribia. Mmoja alimwambia mteja, kwa sauti ya kusikika vizuri, "Chunga mudomo hapo. Ile kopo inaandika." Wakacheka, na dada akacheka nao. Lakini habari hazikumfikia tena, na asiyeambiwa kitu hana cha kuongeza. Baada ya miezi mitatu alihamia mtaa wa Cibitoke, kwenye kibanda kilichobanana na karakana ya kuchomelea vyuma, mahali ambapo kelele hazimruhusu mtu kusimulia chochote. Sidhani alipapata kwa bahati.

Jumamosi bado naenda. Ananisalimu vizuri, anaulizia watoto. Anajaza kopo, ni jipya, halina hata mkwaruzo, kisha anapitisha kiganja juu yake mpaka linakuwa bapa, na ya ziada yanarudi guniani. Mimi ambaye zamani niligombea hata punje nalipa bei ya kwanza na kuondoka, kama yule bwana. Nyumbani nayapima tena. Yanakuwa kamili kila mara. Natamani angenipunja kidogo, tungekuwa na cha kugombania.

Sasa ofisi imeniandikia barua, inataka ripoti ya pili. Wameandika wazi kwamba wanamhitaji tena "yule mama wa kopo". Jumamosi iliyopita niliitia barua mfukoni nikashuka nayo Cibitoke, nikampa dada kabla ya kununua chochote. Aliisoma. Akairudia kuanzia juu. Najua nilikoitoa tabia hiyo.

"Unataka nikwambie nini tena?"

"Apana, yaya. Habari sitaki."

"Basi nunua. Mutu anasimama bure ananifukuzia wateja."

Akataja bei. Nikamtajia nusu yake. Aliinua macho akaniangalia, maana hatukuwa tumebishana tangu Jabe. Akasema kule Kiriri wamenifundisha wizi. Nikaongeza kidogo, akakataa, nikaongeza kidogo tena, na hapo akavuta gunia. Umeme ulikuwa umekatika, mafundi wa jirani wamekaa wanasubiri, na kwa mara ya kwanza pale kibandani nilisikia maharage yakiingia koponi. Lilipofanya kilima, mkono wake ulisimama juu yake, haujapangusa bado. Nikauliza kabla haujashuka:

"Yaya, hii barua niijibu namna gani?"