Mama Kwenye Stempu

Gundi ya bahasha ina ladha ya uji ulioanza kuchacha. Juzi, ofisini kwetu Nduguti, nililamba bahasha moja ya zamani iliyosahaulika kabatini, na ladha ile ikanikalia ulimini mpaka saa ya kufunga kazi. Wenzangu walicheka, siku hizi nani analamba bahasha? Mimi nilikuwa nimesharudi posta ya Singida mjini, nina miaka tisa, kidevu changu kimefika ukingoni mwa kaunta.

Niwaambie kwanza habari za mama. Aliitwa Elizabeti. Alilima uwele na alizeti huko Mtinko kama wanawake wengine, ila ngoma ikilia alikuwa mtu mwingine. Mabega yalimcheza yenyewe huku kichwa kimetulia kama aliyejitwika mtungi. Bibi alikuwa akisema, "Huyu hata akichota maji, maji nayo yanacheza."

Basi walipokuja wageni kutoka nchi moja rafiki ya ng'ambo, ambayo jina lake lilimshinda babu mpaka akawa analitamka kivingine kila siku, kikundi cha mama kiliitwa kucheza kwenye uwanja wa shule. Wageni nao walikuja na wachezaji wao. Msichana wao mmoja, nguo yake ina mikono mirefu iliyopita vidole, alisimama karibu na mama. Kila mmoja akajaribu kumwiga mwenzake, wakashindwa wote wawili, wakacheka mpaka wakashikana. Mpiga picha alipiga goti vumbini akawapiga picha. Aliahidi kutuletea. Hatukumwona tena.

Msimu wa mvua uliofuata mama alifariki akijifungua, yeye pamoja na mtoto. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Nikaanza kuusahau uso wake kidogo kidogo, leo pua, kesho namna macho yake yalivyokaa, na sikumwambia mtu kwa sababu niliona ni kosa langu.

Ndipo Mwalimu Hamisi, aliyekuwa akinifundisha, akarudi kutoka mjini na kupitia kwetu. Aliamkiana na baba, akazungukazunguka na habari za mvua, kisha akasema, "Baba Neema, nimemwona mkeo posta. Wametoa stempu za ngoma na urafiki wa nchi mbili. Yupo pale na yule mgeni."

Kesho yake alfajiri baba alinipakia nyuma ya baiskeli. Alikuwa amevaa kofia ya kanisani, na njia nzima mpaka mjini hakusema zaidi ya "shika vizuri" kila tulipofika penye mchanga.

Posta kulikuwa na foleni. Mbele yetu alisimama mama mmoja mnene, mtu wa ofisini, na bahasha kubwa mkononi. Karani alifungua daftari lake, akatoa kipande cha mwisho chenye stempu nne, akazigusisha kwenye sponji yenye maji, akazibandika. Niliona shanga. Niliona bega limeinuka.

"Baba, mama yule," nikasema.

Alikuwa ameshaona. Akavua kofia. Baba yangu alikuwa mtu wa kumwangusha dume la ng'ombe kwa pembe, lakini mbele ya meza ya ofisi sauti yake ilikwama. Ilipotoka, "Samahani, bwana," muhuri ulikuwa umeshashuka mara nne.

"Yule ni mke wangu," baba akasema. "Ni marehemu."

Yule mama mnene akageuka. "Pole sana, kaka. Ningejua, ningengoja." Akamwuliza karani kama anaweza kubandua hata moja.

"Ikishagongwa muhuri siwezi kuigusa, dada. Sheria hainiruhusu."

"Na nyingine?" baba akauliza.

"Ndizo zilikuwa za mwisho, mzee. Wanaokusanya stempu walizimaliza mapema."

Karani hakuwa mtu mbaya. Aliiweka bahasha juu ya kaunta, akaigeuza upande wetu, akasema tuangalie tu. Baba akaninyanyua. Kwenye stempu tatu wino mweusi ulikuwa umempitia mama usoni. Kwenye ya nne ulikuwa umemwangukia mgeni, na mama alibaki wazi, mdogo kama ukucha, anacheka. Nilijaribu kumkariri haraka haraka kama jedwali la kuzidisha. Nyuma yetu mtu alikohoa.

"Wameandika jina lake?" baba akauliza.

Karani akainama, akasoma. "Wameandika Tanzania. Na hapa, urafiki."

"Anaitwa Elizabeti."

"Sawa, mzee."

"Elizabeti, wa Mtinko."

"Sawa, mzee," karani akarudia, taratibu, kisha akaitia bahasha kwenye gunia lililokuwa miguuni pake. Mtu wa nyuma akasogea mbele.

Nilimkasirikia baba njia nzima ya kurudi, uso wangu umegusa mgongo wake uliolowa jasho. Kwa nini hakuinyakua? Na kwa nini alitaja jina la mama mbele ya watu ambao hawakuuliza, wakamtazama kama mtu aliyepotea njia? Nilimwonea aibu, na aibu hiyo nilikaa nayo miaka.

Kuanzia hapo nimetafuta stempu ile kila nilipofika. Sijaipata, na uso niliokariri siku ile umeshafutika. Nimebaki na bega tu.

Mwaka jana tulimzika baba. Nilipopeleka karatasi zake kuandikisha kifo, kijana wa mezani aliniomba namba ya kitambulisho, nikampa. Hakuuliza kingine. Nikasimama pale, nikamwambia kwamba alikuwa akimwangusha dume kwa pembe, na kwamba aliwahi kunipeleka mjini kwa baiskeli. Kijana aliniangalia, akasema, "Sawa, mama." Ndipo nikaelewa kwamba baba hakuwa amepotea njia siku ile. Zaidi ya lile jina, hakuwa na kitu kingine cha kumpa mama asafiri nacho.